Fundi Usi na Ukuta wa Kanisa la Chukwani Uliogoma Kukauka

Saa moja kasoro asubuhi, mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika, na Fundi Usi Khatib anavua viatu mlangoni mwa kanisa la Wabaptisti la Chukwani. Ndani anakwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa kusini. Anauwekea kiganja, kisha anauwekea shavu, kama mama anayepima homa ya mtoto.

Anasogea hatua mbili, anapapasa tena. Anachuchumaa karibu na sakafu, mahali ambapo kwa miaka mingi ukigusa tu unatoka na mkono mweupe kwa chumvi. Anautazama mkono wake, anaugeuza, anautazama tena. Mkavu.

"Alhamdulillahi," anasema, na anakaa kwenye benchi la mbele kama mtu aliyetua gunia.

Usi ana miaka 59. Ni mwenyeji wa Makunduchi, Muislamu wa kuzaliwa, na kazi ya uashi ameifanya kwa miaka arubaini. Kanisa hili hasali humu na wala hana jamaa anayesali humu. Lakini tangu Oktoba mwaka jana amekuwa akilala nalo na kuamka nalo, kwa sababu lilikuwa livunjwe, na kosa lilikuwa lake.

Mtu akitajiwa majengo ya urithi Unguja, akili yake inakimbilia Mji Mkongwe, kwenye milango ya kuchonga na wageni wenye kamera. Hakuna anayekuja Chukwani kupiga picha kanisa ambalo hata mnara halina. Ukipita mbio utadhani ni skuli ndogo. Madirisha yake ni ya mbao, yamepakwa rangi ya kijani, na kuta ni nene za mawe na chokaa, zilizojengwa mwaka 1961 na wafanyakazi wa bandarini waliotoka bara na familia zao.

Kitu chenyewe cha thamani kiko chini. Ukiisogeza mimbari na kuinua mbao za sakafu, unakuta birika lenye ngazi nne za kushukia, kina chake kifuani mwa mtu mzima. Wabaptisti hawanyunyizi maji kichwani. Anayebatizwa anazamishwa mwili mzima, na wote waliobatizwa katika kanisa hili wamezamishwa humo humo.

Aliyelijenga birika hilo ni marehemu Mzee Khatib Jecha, baba yake Usi, aliyeitwa kutoka Makunduchi kwa sababu ya sifa ya mabirika yake. Kijijini walimuuliza vipi Muislamu anawajengea watu mahali pa kubatizana. Usi anakumbuka baba yake akiisimulia habari hiyo huku akicheka. Aliwajibu kuwa yeye ameambiwa ajenge birika lisilovuja, na hilo ndilo alilojenga. Kinachofanyika ndani yake ni shughuli ya wenyewe.

Tabu ilianza miaka kumi na tano iliyopita. Plasta ya nje ilikuwa imechakaa, na waumini wakataka kanisa ling'are kabla ya Krismasi, wiki tatu tu mbele. Walimwita Usi kwa kuwa ni mtoto wa fundi wao.

Chokaa haina haraka. Inachomwa, inalowekwa shimoni miezi, ikipakwa inafunikwa magunia mabichi ili isikauke upesi ikapasuka. Usi alikuwa anayajua yote hayo, kayaona kwa baba yake. Lakini wiki tatu ni wiki tatu. Akachukua saruji, akamaliza kwa siku tisa, na kanisa likang'ara kweli.

"Niliringa," anasema. "Nilipita hapa na baskeli makusudi nipate kuangalia kazi yangu. Mjinga nini!"

Anaeleza kosa lenyewe taratibu, maana wengi bado wanalifanya. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa nje wenyewe. Ukiupaka saruji ni kama kumvisha mtu koti la mvua halafu ukamlimisha juani. Jasho halina pa kutokea. Maji yanabaki ndani, chumvi inapanda, na siku moja ukuta unaanza kumeguka kwa ndani.

Ukuta wa kusini ulianza kumeguka. Kila masika vipande viliwaangukia watu wakiwa kwenye ibada, mpaka mabenchi ya upande ule yakaondolewa. Mwaka jana akaletwa mhandisi mmoja. Akaitazama ile rutuba, yaani ule unyevu wa ukutani, akatazama mbao za sakafu, akasema birika linavuja na linalowesha msingi. Ushauri wake ulikuwa mfupi: vunjeni, mjenge la matofali.

Mchungaji Nehemia Luhende, aliyehamia Unguja kutoka Shinyanga miaka minane iliyopita, anakiri kuwa alikuwa ameshakubali. Vijana walitaka kanisa kubwa zaidi. Wazee walionuna walikuwa wachache, na hoja yao ilikuwa moja tu, kwamba wao na wazazi wao walizamishwa pale. Kwa mhandisi hiyo si hoja.

Usi alizipata habari hizo sokoni, tena kwa maneno yaliyomchoma: kanisa linavunjwa kwa sababu ya birika la baba yake. Alifika kwa mchungaji siku ile ile, hata kikapu hajakitua.

"Nilimwambia, Mchungaji, mzee wangu keshakufa, hawezi kuja kujitetea," anasema Usi. "Basi lijazeni maji tuone."

Walilijaza Alhamisi jioni. Usi akapiga mstari wa mkaa penye usawa wa maji. Pembeni akaweka ndoo iliyojaa maji, nayo akaipiga mstari, ili yakipungua kwa joto tu ijulikane. Mbao zikarudishwa juu, na mchungaji akafunga mlango kwa ufunguo wake.

Siku tatu zile Usi hakula vizuri. Mkewe, Bi Kidawa, anasema alidhani mumewe ana malaria. Yeye mwenyewe anasema alikuwa na hesabu moja isiyompa raha: birika likivuja, baba yake ndiye aliyeharibu. Lisipovuja, basi rutuba imetoka kwenye plasta, na plasta ni yake.

Jumapili asubuhi, waumini wote wakiwa wamesimama, mbao ziliinuliwa. Maji yalikuwa karibu palepale kwenye mkaa. Ndoo ilikuwa imepungua upana wa uzi, na birika vivyo hivyo.

Watu walianza kupiga makofi. Usi akainua mkono wawe kimya.

"Birika zima," aliwaambia. "Ukuta niliuua mimi kwa saruji. Nlikuwa najua haifai na nkapaka. Nipeni mpaka masika yaishe, kama hautokauka, vunjeni."

Mchungaji Luhende anasema hajawahi kusikia ungamo kama lile, na aliyeungama hakuwa hata muumini wake. "Baba alitoka huru na mwana akajifunga mwenyewe mbele ya macho yetu," anasema. "Ningemkatalia vipi?"

Ungamo lile lilimgharimu. Maneno yalifika mjini kabla yake. Watu wawili waliokuwa wampe kazi walighairi, na wa tatu alimpigia simu kumuuliza kama nyumba yake nayo aliiua. Kwenye mahoteli Usi hulipwa shilingi 40,000 kwa siku. Kwa kanisa alikubali 15,000 na chakula cha mchana, na miezi minne hakuwa na kazi nyingine. Bi Kidawa aliuza maandazi, nyumba ikaendelea.

Aliibandua saruji yote kwa tindo na nyundo, kidogo kidogo, maana ukipiga kwa pupa unaondoka na jiwe. Akauacha ukuta uchi wiki saba upigwe na upepo wa kaskazi. Chokaa aliitoa Makunduchi, kwenye shimo la binamu yake, iliyolala mwaka mzima. Akapaka tabaka tatu, na kila tabaka alilifunika magunia na kuyanyunyizia maji asubuhi na jioni. Waumini wakamzoea kiasi cha kumwekea chai yake bila kuulizwa.

Kisha masika yakaja, na yalikuja kwa vishindo. Kila mvua kubwa ikinyesha, asubuhi yake Usi alikuwa hapa na shavu lake. Mvua ya jana usiku ilikuwa kubwa kuliko zote, na tuko mwisho wa Mei.

Mchungaji anaingia, anamkuta amekaa, anamuuliza kwa macho. Usi anamwonyesha kiganja. Mchungaji anakwenda kuushika ukuta mwenyewe, juu, katikati na chini, halafu anacheka peke yake kwa muda mrefu. Baraza la kanisa lilishasema ukuta ukikauka kanisa halivunjwi, na vijana watajengewa ukumbi pembeni. Mabenchi ya upande wa kusini yatarudishwa leo.

Usi amebakiwa na jambo moja. Nyuma ya kanisa amechimba shimo, akalijaza chokaa na kulifunika kwa mbao na mchanga. Anataka ilale hapo mpaka ukuta utakapohitaji tena, pengine yeye akiwa hayupo, ili fundi atakayekuja asiwe na kisingizio cha Krismasi.

Anamwomba mchungaji aandike kwenye daftari la historia ya kanisa mahali shimo lilipo: hatua kumi kutoka mlango wa nyuma. Mchungaji anaandika. Halafu anauliza mafundi awaandike vipi.

"Birika mwandike Khatib Jecha," anasema Usi.

"Na ukuta?"

Usi anavaa viatu vyake pale mlangoni, bila haraka.

"Ukuta niandike mie. Niandike mara mbili, alouharibu na aloutengeneza."