Mistari Niliyoipunguza

Bibi ninayemhudumia Uccle, mtaa wa Brussels, ni mshairi, na kwa wiki tatu nilimwacha aamini kwamba akili yake imeanza kumtoka. Haikuwa imemtoka. Kosa lilikuwa langu.

Ni Mwingereza, alikuja Brussels zamani akimfuata mumewe. Alitoa vitabu vitatu vyembamba vya mashairi, na nakala nyingi bado zimo kwenye maboksi chini ya kitanda chake. Nimevisoma vyote. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa redio na kamusi ya mtumba, na ukurasa wenye kosa moja huwa nauchana na kuuandika upya. Nadhani ndiyo maana aliniamini. Haoni tena vizuri, kwa hiyo kila asubuhi, nikishamwogesha na kumpa chai, yeye alikuwa akitamka shairi na mimi nikiandika. Alitaka kukimaliza kitabu cha nne kabla hajaanza kusahau.

"Macho yameondoka, sawa," aliniambia. "Kichwa kisubiri kidogo."

Katika kazi yetu, mzee akirudia swali unamjibu kwa upole kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, halafu kwenye daftari la huduma unaliandika mara moja tu. Na yeye alikuwa ameshaanza kuniuliza mara mbili kama amemeza dawa. Asubuhi moja, katika shairi la utoto wake, alitamka: "Mama ananiita kutoka getini." Akanyamaza. Akatamka tena. Akanyamaza, akatamka tena, sikuhesabu mara ngapi.

Nikaandika mara moja.

Alipoomba nimsomee, nilisoma vizuri, bila kukwama. Akageuzia uso dirishani.

"Ndivyo nilivyosema?"

"Ndiyo, madame."

"Yote?"

Hapo nikaelewa kwamba kurudia kule kulikuwa kwa makusudi. Ningeweza kumwambia palepale. Lakini sikuwa nimewahi kumpa ukurasa wenye kosa, na aibu yangu ikaishinda huruma yangu.

"Yote," nikasema.

Kesho yake alisema amechoka. Keshokutwa pia. Wiki ya pili aliniagiza nirudishe daftari la mashairi kabatini, na alipokuwa akinywa chai alishika kikombe kwa mikono miwili, kama mtu aliyeambiwa kwamba atakidondosha.

Jumamosi moja nilimsimulia maman anayenisuka Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, mwenyeji wa Lubumbashi. Nilitarajia anifariji.

"Donc, ye alisema mara mingi, weye ukaandika moja?"

"Nilidhani amesahau, maman."

"Na mama yako kule Bujumbura, alikuwa anakuita mara moja tu, unatoka mbio?" Saluni nzima ikacheka. "Mutoto muzuri kabisa huyu! Bon, inamisha kichwa."

Mama yangu alikuwa akiniita mpaka majirani wanaitika kwa niaba yangu. Niliinamisha kichwa, nikalia kimyakimya huku wakidhani ni nywele zinaniuma.

Jumatatu nilimwambia yule bibi kila kitu, nikiwa nimesimama. Alipiga meza kwa kiganja, chai ikamwagika.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu nimekuwa nikijiaga mwenyewe."

Nilifuta meza. Niliifuta zaidi ya ilivyohitaji.

"Acha hiyo. Leta daftari."

Alianza shairi upya, pumzi kwa pumzi, bila kupoteza neno. Alipofika getini akasita.

"Nilisema mara ngapi siku ile? Wewe ndiye uliyesikia."

Mimi ninayekumbuka kila kitu sikujua. Tatu, labda nne. Siku ile sikusikia shairi, nilisikia bibi mzee anayejirudia. Alikuwa ameinua uso kuelekea sauti yangu, akisubiri, na sikuweza kumtia shaka kwa mara ya pili. Au labda bado nilikuwa najilinda. Sijui.

"Tatu, madame."

"Tatu," akasema, akaridhika, akatamka mstari unaofuata. Nikauandika.