Asiyesikia la Mkuu

Masikio yangu yalinuka kama samaki wadogo wa ndagala walioanikwa wakanyeshewa siku tatu. Usaha ulianza sikio la kulia nikiwa mdogo, ukakauka, ukarudi, na msimu ule wa vita, mji wetu wa Baraka mzima ukilala na vifurushi mlangoni, ukahamia na la kushoto. Mama alinimiminia mawese ya vuguvugu. Yalitoka pamoja na usaha, basi. Shuleni niliketishwa nyuma kabisa kwa sababu ya harufu, mahali ambapo sauti ya mwalimu ilinifikia kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi.

Mwalimu huyo alikuwa shujaa, wa fimbo. Methali yake aliyoipenda ilikaa ubaoni wiki nzima: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asubuhi moja risasi zikalia mlimani. Aliamuru tulale chini, naye akawa wa kwanza kutii, kichwa chini ya meza, matako nje. Mimi niliendelea kunakili methali. Risasi zilipotulia shujaa alijipangusa vumbi, akanizaba makofi mawili, moja kila sikio, akanifukuza. "Huyu hasikii!"

Mama alikwenda kumsihi anirudishe.

"Mwalimu, mutoto iko mugonjwa ya masikio. Haiko kiburi."

"Mama, masikio yake naona iko mbili. Yenye inakosa ni fimbo."

Darasa lilicheka. Kicheko kile nilikisikia vizuri sana. Sikurudi shule tena.

Nimezunguka tangu hapo: machimbo ya Lulimba, mashua za ziwani, kazi nisizozikumbuka majina. Katika mji mmoja daktari alinichungulia kwa taa ndogo, nami nikamng'ang'ania anichoree alichokiona. Nyuma ya ngoma ya sikio, alisema, kuna vifupa vitatu, kidogo chao hakizidi punje ya mchele, vinavyopokezana sauti. Vyangu vilikwisha kuliwa na usaha. Kumbe methali ilikuwa kichwa chini miguu juu: mimi mifupa iliharibika kwanza, ndipo nikaacha kusikia.

Mwaka jana nilipita Baraka, nikamkuta mwalimu kibarazani kwake. Nilimwambia jina langu mara tatu.

"Eh?" alijibu.

Mjukuu wake akatoka mbio, kwa heshima zote. "Musamehe, papa. Mwalimu iko mugonjwa ya masikio."

Nilimtazama miguu. Yote miwili ilikuwa mizima.