Fomu Nne zenye Kichwa cha Kijani

Karani wa shule alikuwa mwepesi wa kila kitu isipokuwa kufunga ukurasa kwenye kompyuta. Chai alikunywa wima, barua alipiga chapa huku anakujibu, mzazi mkorofi alimtoa ofisini kwa maneno mawili. Lakini ukurasa ukishafunguliwa, umefunguliwa. Kila mmoja ulikuwa na mwenyewe: mwalimu aliyetaka ratiba ya mitihani, mpishi aliyetafuta dawa ya mba, mlinzi aliyejaziwa fomu ya chuo ya mwanawe. Mpaka mwenyewe arudi aseme, "Nimeshapata, asante," ukurasa wake ulikaa pale pale. Na nani anarudi kusema asante siku hizi? Kurasa zikarundikana, vichwa vyake juu ya kioo vikasinyaa mpaka hakuna herufi inayosomeka, alama tu zimebanana kama meno ya kitana.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho kuomba chuo, na maombi yangefungwa saa kumi kamili. Mtoto wa kaka yake alitaka uuguzi. Mwaka jana alichelewa. Mwaka huu akikosa, baba yake ameshatamka: binti anakwenda kwa dada yake mkubwa kulea watoto, mjadala umekwisha.

Saa tisa na nusu binti akaingia ofisini, simu mkononi.

"Shangazi, fomu yangu uliituma?"

"Tangu asubuhi. Mimi nalaza kazi?"

"Mbona chuo wananiambia nimeomba ufundi bomba?"

Karani akaisoma simu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Jina la binti. Namba ya binti. Ufundi bomba.

"Wamekosea wao," alisema, ila hata mwenyewe hakujiamini.

Akaanza kupekua. Fomu za chuo kile, zote zina kichwa cha kijani, zilikuwa nne. Moja tupu. Moja ina jina la binti na basi. Ya tatu imejazwa yote, uuguzi, haijatumwa. Ya nne imetumwa. Hapo akaelewa, tena nusu nusu: alimaliza ya binti, mwalimu mkuu akamwita, na aliporudi akaangukia ile ya mwana wa mlinzi, ya wiki iliyopita. Akaona jina na namba si vyenyewe, akavibadilisha kwa hasira, akatuma. Kozi ya kijana, ufundi bomba, hakuigusa. Zile mbili nyingine zilitoka wapi, hajui mpaka leo.

"Basi tuma hiyo ya tatu!"

Akabofya. Kompyuta ikaganda. Kiduara kikazunguka, kikazunguka.

"Imeshiba hii, Shangazi. Funga kurasa nyingine."

"Za watu hizi!"

"Za watu gani? Hii ya nani?"

"Ya mwalimu wa hesabu."

"Si alihama mwaka juzi?"

"Hajaniaga."

Binti akashika kipanya mwenyewe. "Na hii, macho ya paka yanayotoa machozi? Nani ana paka?"

Karani akafikiri kwa dhati. Hakumjua mtu hata mmoja mwenye paka. "Funga," alisema polepole, kama anayesaini asichokisoma. "Na hiyo funga. Hiyo... ngoja. Hapana, funga. We! Usije ukafunga ya kwako!"

"Ya kwangu ipi?"

Wote wawili wakatazama juu ya kioo. Alama tatu za kijani. Zilikuwa nne.

Saa kumi kasoro dakika sita. Binti akafungua ya kwanza: tupu. Ya pili: imejaa, uuguzi. Akatuma kabla shangazi hajasema neno. Safari hii ikakubali, na simu ikalia: maombi ya uuguzi yamepokelewa.

Karani akavuta pumzi, halafu ikamkatika. "Sasa si umeomba mara mbili? Wewe ni nesi au fundi bomba?"

Wakapiga simu chuoni. Akapokea mama mmoja mwenye sauti ya haraka.

"Namwona, dada, namwona. Yupo mara mbili. Mnataka ipi?"

"Uuguzi!" walisema kwa pamoja.

"Haya. Nyingine nimeifuta."

"Umefuta ipi?" aliuliza karani.

Kipanya kikasikika kule, kikibofya, kikibofya.

"Subirini kidogo, nimefungua mambo mengi hapa."

Binti alikuwa amemshika shangazi yake mkono kwa kucha. Saa ya ukutani ikapita kumi.

"Ya bomba," mama yule alisema mwishowe. "Ndiyo, ya bomba. Uuguzi huu hapa, namwona kwa macho yangu."

"Basi usiufunge huo ukurasa, dada," karani alimwambia. "Nakuomba, usiufunge."