Jina la Baba Mkwe

Jirani yetu huku ughaibuni, mtaa wa Acocks Green, bibi wa Kiingereza aliyestaafu ualimu, alimpenda sana binti yangu, na binti yangu alimpenda zaidi. Mimi nilikuwa na zamu zangu hospitalini, kule Harborne, kwa hiyo yeye ndiye aliyemchukua mtoto shuleni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini hadithi zote mtoto alizipata kwa jirani. Nilimshukuru kila siku kwa mdomo. Moyoni nilimwonea wivu hata chai yake ikanikaba.

Binti alipotimiza miaka tisa, bibi alitupakia kwenye gari lake, akatupeleka kwao Shropshire tukatazame majani kabla hayajapukutika. Niliapa sitapapenda. Lakini vilima vile! Miti mingine ilikuwa myekundu, mingine rangi ya binzari, na ukungu umelala mabondeni. Kwetu Tukuyu ni kijani mwaka mzima, mvua juu ya mvua, na siku ile, Mungu anisamehe, niliona kijani chetu ni uvivu. Nilionea wivu hata miti.

Kwenye makaburi ya kanisa bibi alianza kusimulia. Hapa amelala tajiri aliyejichongea jeneza angali mzima, akawa analala humo kila mchana ili alizoee. Pale yupo mwanamke aliyevaa suruali ya mumewe, akampita mchungaji kwenye mbio za farasi. Kila mmoja na jina lake, na binti yangu akiyarudia yote kwa furaha. Kisha akanigeukia.

"Mum, yule babu aliyemzaa Dad aliitwa nani?"

Sisi Wanyakyusa, mke hamtaji baba mkwe. Hata usoni hamtazami: nilipokuwa bi harusi, nikimwona anakuja njiani niliingia migombani mpaka apite. Alishafariki, nami miaka kumi na mitatu ya ndoa jina lake halijapita midomoni mwangu.

"Muulize baba yako," nikasema, kama siku zote. Baba yake ni mtu wa maneno machache, hajawahi kumjibu.

"Hajui," mtoto akamwambia bibi kwa Kiingereza chao, kwa sauti ya kunihurumia. Bibi akanipigapiga mkono, akaenda kuketi kwenye benchi.

Hapo wivu ukanipanda kichwani. Mimi nisijue? Wapimaji wa barabara walipokuja na kamba zao, mkwe wangu alilala chini katikati ya migomba yake, akagoma kuinuka siku tatu. Barabara ikapinda, na kona ile ipo hadi leo. Halafu mwanangu anakariri mtu wa jeneza!

Nikalitaja. Jina lote, kwa sauti, mbele ya makaburi ya watu. Nikageuka kutazama nyuma kana kwamba mwenyewe angetokea.

Binti alinikodolea macho. Kisha akatimua mbio, si kuja kwangu, bali kwenye benchi, kumpelekea bibi jina. Bibi akalijaribu mara mbili, mara ya tatu akalitamka sawasawa, kirahisi hivyo, jina lililonishinda miaka yote. Nilitamani kumnyang'anya.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza. Mtoto naye ameshamwegemea begani, anasubiri.

Nikawaambia wasogee, huyu huku na huyu kule, nikaketi katikati.