Mwokaji Haamshwi

Katika nyumba ile mchana ndio usiku. Mwenye nyumba ni mwokaji mikate. Hurudi kutoka kazini jua likichomoza, usingizi humjia adhuhuri tu, hulala mpaka magharibi. Sheria ni moja: baba akilala, haamshwi. Watoto huvua viatu nje. Mkewe, fundi cherehani, hushonea kwa jirani, mlio usimwamshe.

Alfajiri, mikate ikiingia tanurini, ndipo pumu ilipombana na kifua kikaanza kulia. Wenzake wakambandika jina, Filimbi.

"Filimbi, punguza sauti, utatuharibia unga!"

Alicheka nao, hadi alfajiri moja akaanguka mbele ya tanuri.

Daktari alimuuliza mkewe, "Hii dawa ya kuzuia pumu, anaivuta saa ngapi?"

"Akiamka. Magharibi."

"Mapafu yake yana saa zake, na alfajiri ndiyo mbaya zaidi. Tuiwahi. Avute saa kumi alasiri, kila siku."

"Saa kumi amelala, daktari."

"Mwamshe."

Siku ya kwanza mkewe alisimama kando ya kitanda, dawa mkononi. Mumewe alilala kama gogo, unga bado umeganda kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Mwache mwanangu. Mtu amekesha."

"Mama, atatufia huyu."

"Kwani usingizi nao si dawa?"

Akamwacha. Alfajiri wenzake walimleta wamembeba, midomo ya kijivu.

Kesho yake hakumsikiliza mtu. Alimtikisa.

"Nani amekufa?" mume aligutuka.

"Hakuna. Vuta, baba watoto."

Akavuta, akasukutua, akageukia ukutani. Usingizi haukurudi. Alfajiri ile kifua kilinyamaza, na iliyofuata pia. Lakini kila siku aliondoka nyumbani macho mekundu, akipapasa ukuta kama mlevi. Wiki haijaisha, akashika trei ya moto kwa mkono mtupu. Alikuwa amesinzia wima.

Alirudi na bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Haya, chagua wewe," alimwambia mkewe. "Nife kwa kukosa pumzi au kwa kukosa usingizi?"

Mama mkwe aligeuza uso. Siku hiyo fundi hakushona. Alikaa ukingoni mwa kitanda tangu mumewe alipofumba macho, akimtazama kifua kikipanda na kushuka taratibu, bila mlio, kama cha mtu mzima wa afya. Alitamani saa isimame hapo.

Saa kumi ikafika.

"Nisamehe," alisema, akamtikisa bega.