Kusubiri Marahaba Hewani

Ilianza Jumatano, saa sita na nusu mchana, nikiwa nyuma ya kamera namba mbili nakula chipsi zilizopoa. Hapo ndipo mahali pangu. Runinga ya shule za mtaa wetu iko kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro ya mazoezi, na ukishika kamera hakuna anayekuangalia wewe. Tunarusha matangazo kwenye skrini za shule zote za eneo hili na kwenye mtandao: chakula cha wiki, sweta zilizopotea, nani kamfunga nani kwenye netiboli. Ni moja kwa moja, hakuna marudio. Ukikosa, umekosa.

(Naandika haya kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: mdogo wangu hawezi kuyasoma.)

Mwalimu wa jiografia, ambaye ndiye mkurugenzi, fundi mitambo na mfagiaji wa kituo, akanijia na uso wa mtu anayetaka msaada. Kila wiki tangazo moja husomwa kwa lugha ya nyumbani ya baadhi ya wazazi. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Kiswahili, na baba mmoja Mkenya aliyeahidi kuja alikuwa amekaukiwa na sauti kwa mafua.

"Mama yako amesema utasoma wewe," akaniambia.

"Mama yangu amesema lini?"

"Sasa hivi, kwa simu. Amefurahi sana."

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, huku huku Thornton Heath, kusini mwa London, na kwa kawaida hajibu ujumbe akiwa kazini. Wangu aliujibu kabla sijameza chipsi: "Nimeshamwambia bibi yako. Anatafuta miwani."

Nikaziweka chipsi chini. Bibi yuko Tanga. Kila Jumapili mama hunipa simu, bibi huniuliza habari, nami hujibu kwa Kiingereza, au hucheka, au humrudishia mama simu yake. Si kwamba sijui. Nilikuja London nikiwa na miaka sita, na naelewa kila kitu, umbea ndio kabisa. Ila mara ya mwisho tulipokwenda, binamu zangu walisema naongea kama yule mtangazaji wa uwanja wa ndege, na tangu siku ile nimefunga mdomo. Bibi ana kauli yake: "Huyu mjukuu ni wa kutazamwa tu." Huisema akicheka. Jumapili iliyopita hakucheka sana. Nilitaka anisikie, japo mara moja, binamu wakiwa hawapo.

Saa kumi na robo jioni mama akafika na sare yake ya kazi, akaketi juu ya godoro moja lililosahaulika. Mwalimu akamweleza kwa adabu zote kwamba taa nyekundu ikiwaka hakuna anayetoa sauti. Mama akaziba mdomo kwa kiganja kuonyesha ameelewa. Taa ikawaka.

"Shikamooni, wazazi," nikasema. "Shikamoo, bibi."

Nikasubiri.

Jamani, kwetu ukimwamkia mkubwa huanzi habari nyingine mpaka aitikie. Nikiwa mdogo niliwahi kukimbia kumwambia mama kwamba maharage yanaungua, akaniuliza kwanza shikamoo yangu iko wapi. Maharage yakaungua kwa adabu.

Basi nikaitazama kamera, kamera ikanitazama. Mwalimu akazungusha mkono: endelea. Nilimwona, ila mdomo ulikataa. Ningeendeleaje na bibi hajaitikia? Shule zote zilikuwa zinamwangalia msichana aliyesimama kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Marahaba!" mama akapaza sauti kutoka godoroni. "Haya sema, mwanangu, watu wana shughuli zao!"

Ikaenda hewani yote. Nikacheka, na mdomo ukakubali. Nikasema mkutano wa wazazi ni Alhamisi ijayo, waje na watoto wao, wapitie geti la pembeni kwa sababu la mbele linatengenezwa. Nilisema vizuri. Najisifu mwenyewe, maana mwalimu alichosema ni kwamba tangu kituo kianze, hiyo ni mara ya kwanza mtazamaji kujibu.

Kwenye basi mama akapiga Tanga kwa mtandao na kuweka sauti ya wazi. Akapokea shangazi, anayeishi na bibi.

"Tumemwona! Kapendeza! Kasema shikamoo, halafu mtandao ukaganda."

"Haukuganda," mama akasema.

"Wifi, uliganda. Mtoto hakupepesa hata jicho. Nikazima simu, nikawasha, nikakuta Mzungu anasoma habari za viazi."

Kwa mbali nikamsikia bibi: "Na mimi nimeitikia marahaba mara tatu! Nikajua kaghairi."

Mama akacheka mpaka dereva akamwangalia kwenye kioo. Mimi sikucheka. Nikanyoosha mkono kuomba simu, jambo ambalo sijawahi kulifanya, na hapo hapo bando la shangazi likaisha.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kuvaa viatu, nikachukua simu ya mama mezani nikapiga mwenyewe. Mama alikuwa bafuni, kwa hiyo hapakuwa na wa kumrudishia.

"Shikamoo, bibi."

Nikasubiri. Nikaiangalia skrini; haikuwa imekatika.

"Marahaba," bibi akasema mwishowe. "Nilitaka na wewe uone inavyokuwa kusubiri jibu. Haya, nipe hilo tangazo langu."

Nikampa lote, kwa sauti yangu ya uwanja wa ndege: mkutano, watoto, geti.

"Hilo geti la pembeni," akauliza, "mtu akishuka kwenye basi anashika njia ipi?"

Nikaanza kumwelekeza tangu kituoni, duka la nywele, kinyozi, kanisa lenye mlango wa bluu, kisha kata kushoto, na nilipofika getini basi langu la shule lilikuwa limeshapita.