Vyuma vya Ngazi za Mama Chloé

Hénock wa Bellevue ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi anaijua, ila ana haraka. Mwaka 2017 nilimkuta aking'oa chuma cha kushikilia kilicholiwa na kutu, kwenye ngazi za nje za jirani yake, Mama Chloé. Mama alikuwa amepooza mkono wa kulia, na kwa miezi miwili hakuweza kushuka kwenda kanisani. Hénock akafunga chuma kipya upande wa kushoto wa anayeshuka. Mama akashuka taratibu mpaka chini, akageuka.

“Papa Hénock, na kupanda je? Sasa chuma kiko kulia kwangu!”

“Eish! Mama, nilifikiria kushuka tu.”

“Kwa hiyo nilale hapa?”

Hénock akacheka, akamletea kiti, akapima upande wa pili, akafunga chuma kingine. Saa kumi jioni Mama alipanda mwenyewe, polepole, na hakutaka mtu amguse.